Neno la Msibani

Bosi wangu aliponimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, nilijua waliokufa safari hii ni wengi. Akifa mtu mmoja hunitumia faili kwenye simu na neno moja tu, "Nenda." Wakifa wawili huniita ofisini nikasikiliza nimesimama. Chai sikuwahi kupewa. Nilikaa, nikakishika kikombe kwa mikono miwili kwa sababu ukungu wa Tukuyu asubuhi ile ulikuwa umeingia mpaka kwenye korido, nikamsubiri aseme.

"Tisa," akasema Luhanga. "Bonde la Nsongola. Wiki iliyopita."

Ile chai sikuinywa.

Naitwa Subilaga Mwankuga. Nilikuwa fundi wa laini, nikapanda nguzo miaka kumi, mpaka siku nguzo ilipoamua imenichoka ikanitupa. Nyonga haikupona vizuri. Kampuni ya Mkondo Kusini haikunifukuza, na hilo lazima niliseme. Ilinipa kazi ya Mtaka Radhi, kwa maelezo kwamba uso wangu unaaminika. Mama yangu alisema ni uso wa mtu aliyevunja chungu cha jirani na bado hajasema. Mwaka huu ni wa sita. Kwa kazi yangu, ule msemo kwamba kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia umegeuka. Mara nyingine nimeangua kilio hata kabla wenye msiba hawajanikaribisha.

Wadogo zangu hawaikumbuki ile miaka miwili ya giza. Umeme ukikatika nyama ikaoza, mwenye bucha anashtaki. Ukikatika mashine hospitalini ikasimama, ndugu wanashtaki. Kampuni zikafunga milango moja baada ya nyingine, ikafika mahali hakuna aliyethubutu kuwasha hata transfoma. Ndipo Bunge likapitisha Sheria ya Ukomo wa Dhima: mtoa huduma hatashtakiwa kwa madhara ya kukatika umeme, hata yakiwa kifo, isipokuwa ithibitike kwamba kabla ya kukata alijua kuwa kukata kutaua. Umeme ukarudi wiki ileile. Nisiwe mnafiki, nami nilitoka barabarani nikapiga vigelegele.

Viongozi wa dini ndio waliolalamika. Walisema si utu mtu afe halafu asije yeyote kuwaambia wenzake pole. Likaongezwa fungu: kampuni itamtuma mtu mwenye damu na nyama, afike matangani, aeleze kilichotokea na kuomba radhi. Na ili asiogope kusema, chochote atakachokisema mbele ya wafiwa hakitaletwa mahakamani. Ni neno la msibani. Likishatamkwa, limezikwa na marehemu.

Waliotunga fungu lile walikuwa na moyo mzuri. Hawakujua mafundi wa sheria wangelifanyia nini.

Luhanga akafungua droo, akatoa kidani na kukisukuma kwangu juu ya meza. Ni kitu cheusi, kikubwa kidogo kuliko kifungo cha koti, na huvaliwa shingoni. Kinasikiliza. Nikitamka jambo mbele ya wafiwa, kinalielewa maana yake na kulipeleka kwenye daftari la mahakama, na kuanzia sekunde ile hati yoyote, picha yoyote, shahidi yeyote atakayebeba jambo lilelile atakataliwa mlangoni. Hata kama alilijua kabla yangu, hata kama aliliona kwa macho yake. Ukikivaa asubuhi hakivuliki mpaka jua lizame.

Kwa kawaida huagizwa kusema machache. Kulitokea hitilafu, tunasikitika sana, Mungu awatie nguvu. Nikishasema "hitilafu" mara tatu nakula ndizi za msibani narudi nyumbani.

"Leo utawaambia ukweli wote," akasema Luhanga. "Usiache hata nukta."

Nikafungua faili. Siku ile, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mtambo mmoja wa mvuke ulizimika ghafla, na umeme uliobaki haukuwatosha wote. Mizani, ule ubongo wa mashine unaopima umeme sokoni kila dakika, ulimpa msimamizi wa zamu sekunde arobaini achague laini ya kuzima. Ulimwekea mbili. Ya kwanza ilikuwa laini ya ghala la kompyuta huko Mbeya, lenye mkataba wa umeme usiokatika. Likizimika hata dakika moja kampuni inawajibika, na mkataba haujui ukomo wowote. Ya pili ilikuwa laini ya Nsongola. Watu wa Nsongola hawakuwa na mkataba wa namna hiyo, walikuwa na sheria tu, na sheria ilikuwa inatulinda sisi. Lakini kando ya jina la Nsongola Mizani ulikuwa umeweka alama ndogo ya pafu, ya buluu, maana yake kwenye laini hiyo kuna watu wanaopumua kwa umeme. Msimamizi aliifungua ile alama. Faili linaonyesha aliisoma sekunde kumi na moja. Kisha akabonyeza Nsongola, na dakika kumi na nane baadaye umeme ulirudishwa.

Nikatafuta jina la msimamizi. Luhanga hakunisubiri nilifikie.

"Nilikuwa mimi," akasema.

Nilitaka kumchukia palepale ikashindikana, maana alikuwa analia. Alisema alidhani dakika kumi na nane si nyingi. Alisema ghala lingetuangusha, na sisi tukianguka mikoa mitatu inaingia gizani, na gizani wanakufa zaidi ya tisa. Labda ni kweli. Kisha akajifuta kwa kiganja na kuniambia lililobaki kwa sauti ya kazini: wakili wa wafiwa ameomba mahakama imfungulie kumbukumbu za Mizani, na kesi inasikilizwa Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano, siku ya kuondoa matanga.

"Wana haki ya kujua, Subilaga. Na mimi nataka wajue."

Aliamini anachosema, na hicho ndicho kilichonitia baridi. Angewapa ukweli wote, wausikie kwa masikio yao, halafu Ijumaa jaji asiuone hata kwa dawa.

Nikamuuliza nikikataa itakuwaje. Akasema atakwenda Jotamu. Jotamu ni mwenzangu, ana watoto sita na hasomi faili mpaka mwisho. Nikavaa kidani. Kikawaka kijani kibichi, dalili kwamba kimeanza kusikiliza. Njiani nilikuwa nimeshaamua: nitafika, nitasema samahani, nitafunga mdomo. Wanifukuze wakitaka. Sijawahi kufanya uamuzi mwepesi kama ule, na ningepaswa kujua kwamba una kasoro.

*

Nsongola ni shimo lenye nyumba ishirini na tatu. Tangu lile tetemeko kubwa, ardhi yake inatoa hewa nzito. Haina rangi wala harufu. Hutoka kwenye nyufa na kutulia mabondeni kama maji ndani ya beseni, na asubuhi ya ukungu usio na upepo hupanda mpaka usawa wa kitanda. Watu waliambiwa wahame, lakini juu kote ni mashamba ya chai ya wenyewe. Basi kila nyumba ikawekewa feni chini ya sakafu ya kuisukuma ile hewa nje. Feni ikinguruma unaishi. Wageni huwa hawapati usingizi kwa kelele. Wenyeji hukosa usingizi kelele zikipungua.

Gari la kampuni lilijiendesha mpaka kwenye daraja, likagoma kushuka zaidi kwa sababu vipimo vyake vya hewa vilikataa. Nikashuka kwa miguu, nyonga inalalamika. Matanga yalikuwa uwanjani mbele ya nyumba nne zilizofungwa, na mikeka ya waombolezaji ilikuwa imetandikwa juu ya jukwaa la mbao lililofika kifuani, maana Nsongola hakuna anayekaa chini kwenye udongo. Wanawake walikuwa kando, juu ya benchi, wanamenya ndizi. Nikanawa mikono, nikapewa kisu. Mtaka Radhi anayefika na kukaa kwenye kiti hasikilizwi na mtu, hilo nilijifunza msiba wa kwanza.

Sikumenya hata mkungu mmoja kabla sijaelewa kwamba kuna jambo lingine.

Walikuwa wanamsema mfiwa mkuu. Mfiwa mkuu kwa sheria ni yule aliyepotelewa na wengi kuliko wenzake, na hapa alikuwa mkunga mstaafu, Tupokigwe Mwasomola. Bintiye Anyisile, mkwewe Nsajigwa, na wajukuu wawili, wote walikutwa vitandani. Nyumba ya watu watano wamekufa wanne, wakasema wale wanawake, na aliyebaki ndiye mzee. Kila siku hutoka saa moja. Siku ile alitoka saa kumi na mbili kasoro, giza bado. Alijuaje?

Mmoja, binti mwenye sauti ya upole kabisa, akaniambia kwamba mkunga anajua kuleta watu, na anayejua kuleta anajua na kurudisha. Nikamwambia umeme ulikatika. Akanitazama kama mtu aliyemwona mtoto anaongea.

"Umeme unakatika kila mahali, dada. Mbona wengine hawafi?"

Swali lile lilikuwa na jibu. Jibu lilikuwa kwenye faili, mkobani kwangu, lina saa na dakika na sekunde.

Baadaye akanijia Asajile, mdogo wake Nsajigwa, mwanamume wa miaka arobaini hivi aliyevimba macho. Hakuwa mkorofi. Alinishukuru kwa kufika, akaniambia kaka yake ndiye aliyemsomesha. Kisha akanieleza taratibu zao ili nisikosee. Huku kwao marehemu haachwi na swali lake. Siku ya kuondoa matanga sababu ya kifo hutajwa mbele ya wote. Wazee walikuwa wameridhia kunisubiri mimi. Nikiwa na sababu, yataisha. Nikija na lile neno la kampuni, hitilafu, ukoo utamtaka yule mama aondoke bondeni kabla jua halijazama.

"Na akibaki?" nikauliza.

Asajile akatazama mikono yake. "Kuna vijana hapa siwezi kuwashika mimi peke yangu."

Nikaelewa kasoro ya uamuzi wangu. Nikinyamaza ili kumbukumbu za Mizani zifike mahakamani, mwanamke aliyekwisha kuzika watoto wake atabeba vifo vyao mgongoni. Nikisema, atakuwa safi dakika hiyohiyo, na kesi itakufa dakika hiyohiyo, na msimamizi mwingine siku nyingine ya ukungu ataisoma alama ya pafu sekunde kumi na moja kisha abonyeze, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuulizwa. Nikatamani nguzo ile ingenimaliza kabisa.

*

Nilimkuta bandani, juu ya mteremko, ambako ng'ombe hufugwa kwa sababu ng'ombe hawana feni. Alikuwa amepiga magoti anamsugua ndama kwa gunia. Mwanamke mfupi, mikono mikubwa, kitambaa cheusi kimefungwa kwa nguvu kichwani. Niliposalimia aliitikia bila kugeuka.

"Wewe ndiye mtu wa umeme," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Huyu alizaliwa asubuhi ile. Alikuja vibaya, ametanguliza miguu ya nyuma. Ndiyo maana nilitoka mapema." Akaendelea kusugua. "Nimewaambia. Wanasema ndama nimemfanya mimi atoke vile."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kidani kilikuwa kinawaka kijani kifuani. Yeye ni mfiwa. Kila nitakalomwambia pale kingelizika sawasawa na la jukwaani. Nikachagua maneno kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Mama, nina neno. Nikilisema leo hapa kwenu, watu wote watalijua, na mahakama haitalijua kamwe. Nisipolisema, labda Ijumaa jaji atalisikia. Nasema labda. Majaji nao ni watu."

Kidani kikatetemeka kidogo, kikatulia. Hakikupata kitu cha kuzika.

Akaliweka gunia chini. Watu husema wakunga hawana haraka, na kweli alikaa muda mrefu ananitazama, bila hasira, kama anayepima mimba ina miezi mingapi.

"Wakubwa wako wanataka ulisemee wapi?"

"Hapa."

"Basi hapa si mahali pake," akasema.

Akaniuliza kama mtu anaweza kunizuia nisiseme. Nikamweleza sheria ilivyo: mfiwa mkuu akitamka hadharani kwamba hataki kusikia, kikao hufungwa, hakifunguliwi tena, wala hakuna Mtaka Radhi mwingine anayeweza kutumwa kwa vifo hivyo. Fungu hilo liliwekwa kwa ajili ya wenye uchungu mkali. Tangu nianze kazi sijaona aliyelitumia, kwa sababu binadamu akifiwa hutaka kujua.

"Unajua huku kwetu asiyetaka kusikia sababu anahesabiwaje?"

"Nimeambiwa, mama."

"Anahesabiwa kwamba anaijua."

Ndama, ambaye miguu yake ilikuwa bado haijapata nguvu tangu kuzaliwa kule, akajaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena. Yule mama akamshika mbavuni akamsaidia. Kisha akauliza, uso ukiwa kwa ndama, swali nililokuwa naliogopa.

"Hilo neno lako, mwanangu. Linanihusu mimi?"

Nilifungua mdomo. Neno lolote ambalo ningesema, ndiyo au hapana, lilikuwa mwanzo wa ukweli, na kidani kingeushika mkia na kuuvuta wote. Nikaufunga. Nikatazama chini kwenye majani ya kulalia ng'ombe, na nikaendelea kutazama chini kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kumtazama.

"Haya," akasema. "Nimekusikia."

Akainuka, akajifunga khanga upya, akatangulia kushuka.

*

Saa nane tulipanda jukwaani. Mchungaji akaomba, kwaya ikaimba ubeti mmoja tu, kisha Asajile akasimama kwa niaba ya ukoo na kutaja majina tisa, moja moja. Alipofika kwa watoto wa kaka yake sauti ikamkatika, mzee mmoja akamalizia. Akasema: tunaomba kusikia sababu.

Nikasimama. Maneno ya kufungulia nayajua kwa moyo. Nikasema nimetumwa na Mkondo Kusini, nimekuja kutaka radhi kwa vifo hivi, na niko tayari kueleza yaliyotokea iwapo mfiwa mkuu ataniruhusu. Sauti yangu ilitoka vizuri. Inaudhi namna ilivyotoka vizuri.

Watu wote wakamgeukia Tupokigwe. Alikuwa amekaa katikati ya wanawake, kwenye mkeka wa mbele, miguu ameinyoosha.

"Sitaki," akasema.

Asajile akadhani hakusikia swali. Akalirudia kwa adabu: mama, huyu dada ana sababu, umruhusu aseme.

"Nimesikia, baba. Sababu mimi siitaki. Asiseme."

Kidani kikazima rangi yake ya kijani na kuwaka nyekundu, maana yake kikao kimefungwa na hakuna kilichozikwa. Hakuna aliyepiga kelele. Yule binti mwenye sauti ya upole, aliyekuwa amekaa bega kwa bega na yule mama, akavuta gauni lake na kusogea. Aliyemfuata akasogea. Wakaondoka kwenye mkeka mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama watu wanaopisha chombo kipite, mpaka akabaki peke yake juu ya mkeka wa watu kumi na wawili. Asajile alikaa, akafunika uso kwa koti. Nadhani mpaka dakika ile alikuwa anaomba isiwe kweli.

Mimi nilikuwa nimesimama na faili mkobani. Kulipwa nalipwa kubeba lawama, na kwa miaka sita nimezibeba zote bila hata moja kunigusa ngozi, kwa kuwa sheria ilikuwa imenifunika. Na sasa mbele yangu mtu alikuwa anaibeba lawama yenyewe, mbichi, haina kifuniko, na mimi ndiye niliyempelekea kule bandani. Ningeweza kumwambia Luhanga kwamba wafiwa walikataa, na isingekuwa uongo. Kazi yangu ilikuwa salama. Niliona aibu ambayo sijui kuieleza vizuri zaidi ya hivyo.

Wazee walizungumza dakika chache. Hawakumtukana. Wakampa muda wa kuchukua nguo zake.

*

Alikubali kupanda gari la kampuni kwa sababu mguu usingemfikisha kwa mdogo wake anayekaa Uyole. Ndama akamwachia jirani aliyekuwa hamtazami usoni. Tulikaa kiti cha nyuma, katikati yetu furushi la khanga, gari likajiendesha kupanda milima. Luhanga alipiga simu. Nilipomwambia walikataa kusikia, akauliza kama nimewaelewesha vizuri. Nikamjibu nimewaelewesha. Akakata.

Kidani kilikuwa bado chekundu kifuani. Kikao kilifungwa lakini masikio yake hayafungwi mpaka jua lizame, na hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kukijaribu. Tukapita mashamba ya chai bila kusemezana. Tukapita Kiwira. Mvua ikaja ikaondoka. Aliniomba maji mara moja, nikampa.

Jua lilizama tukiwa karibu na Igoma. Kidani kikatoa mlio mdogo, kikazimika na kufunguka chenyewe shingoni mwangu. Nikakitia mkobani. Yule mama alikuwa amekiona.

"Sasa unaweza," akasema.

Nikamweleza yote. Mtambo ulivyozimika, laini mbili, ghala la kompyuta, alama ya pafu, sekunde kumi na moja. Nikamwambia lilikuwa chaguo la mtu mwenye jina, na jina nikalitaja. Nikamwambia hayo ndiyo yatakayosomwa Ijumaa, Mungu akipenda, na yeye atakuwa amekaa mbele kama mlalamikaji. Nilidhani atalia au atalaani. Aliuliza jambo moja tu, kama yule bwana ana watoto, nikasema anao watatu.

Taa za Uyole zikaanza kuonekana.

"Nilipotoka kwenda kwa ng'ombe," akasema, "nilifunga kidirisha cha chini. Kile cha hewa. Ukungu ulikuwa unaingia, mdogo alikuwa na kikohozi. Siku tisa zote hizi nilijua ni mimi. Ulipotazama chini kule bandani nikasema basi, na huyu naye anajua."

"Kwa hiyo hata kidirisha kingekuwa wazi," akauliza, na sasa alikuwa amenigeukia, mikono ile mikubwa imeshika furushi, "ingekuwa vilevile?"

Faili halikusema lolote kuhusu vidirisha. Mimi niliwahi kufunga zile feni. Najua kidirisha kilicho wazi, feni ikisimama, huweza kumpa mtu aliyelala dakika chache. Pengine kumi. Umeme ulikatika dakika kumi na nane. Nilipiga hesabu hiyo mara mbili huku ananitazama, na kila mara ilikataa kunipa jibu.

"Ingekuwa vilevile, mama," nikamwambia. "Si wewe."

Akaanza kulia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nikamshika bega. Kidani kilikuwa kimezimika, hapakuwa na fungu la sheria lililonifunika, na neno lile kama lilikuwa la uongo ni langu peke yangu.